Kwa wana Buha mnaojenga nyumbani: mwiteni mbunifu kabla ya msingi

Kwenu ndugu zangu wa Kasulu na Kibondo mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Kahama, Lubumbashi, Muscat na kwingineko. Kwenu wafanyabiashara, watumishi na wastaafu mliobaki hapa hapa. Kwenu nyote mnaojenga nyumba kubwa nyumbani.



Kazi yangu ni kupanga na kumalizia nyumba kwa ndani: dari, sakafu, kuta, taa, makabati, milango, vitanda, makochi na mapazia. Naifanya kati ya Kasulu na Kibondo, na wateja wangu ni ninyi. Nawaandikia kwa sababu nyumba mnazojenga sasa zinakula fedha nyingi, zinastahili kuwafaa hadi wajukuu wenu, na nyingi naziona zikiharibika katika hatua ile ile moja. Mbunifu wa ndani anaitwa bati likishapigwa, akiba ikiwa imebaki kidogo, anaoneshwa picha kwenye simu na kuambiwa apambe. Ombi langu ni kwamba aitwe kabla ya msingi kuchimbwa, alipwe kwa kazi ya kubuni kama anavyolipwa mwanasheria kwa ushauri wake, na nyumba zimalizwe kwa mbao na mikono ya huku kila inapowezekana.

Nyumba ya gharama si jambo geni kwetu. Wengi wenu mnakumbuka miaka ya tisini, Warundi walipoanza kuingia kwa wingi mwaka 1993 na Wakongo mwaka 1996, kambi za wakimbizi zikafunguliwa Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Mtabila na Nyarugusu. Mashirika ya misaada yalihitaji mahali pa kulaza wafanyakazi wao, na aliyekuwa na nyumba ya vyumba vinne yenye choo cha ndani na tangi la maji Kibondo mjini alipata mpangaji wa kulipa kwa mwaka. Basi tukajenga kwa ajili ya mpangaji: vyumba vingi vinavyofanana, korido ndefu yenye giza mchana, milango ya chuma, kuta za krimu kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Kambi zilipofungwa, Mtabila ikiwemo mwaka 2012, nyumba zikakosa watu. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, Nduta ikafunguliwa upya, Mtendeli ikafuata na kufungwa tena mwaka 2021. Kwa takribani miaka thelathini mkono wetu wa kujenga umezoea kumfikiria mgeni anayekuja na kuondoka.

Sasa mambo ni mengine. Umeme wa gridi ya taifa umefika, na mwaka 2022 majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiunguruma Kasulu na Kibondo yakazimwa. Lami inayotoka Nyakanazi kupitia Kakonko na Kibondo hadi Kasulu na Manyovu imekuwa ikijengwa kipande baada ya kipande, na vigae vya viwanda vya Chalinze na Mkuranga vinashushwa madukani kwetu vikiwa vizima. Mtu aliyefanya biashara Kariakoo miaka mingi anarudi nyumbani Murubona au Biturana na kujenga nyumba asiyo na nia ya kumpangishia yeyote. Anajenga ya kwake na ya mama yake, nyumba ya kuzeekea. Hiyo ndiyo nyumba ninayotamani kuishika, na ndiyo inayoniuma zaidi ikikosewa.

Nianze na sebule, maana huko ndiko fedha nyingi huzama. Familia moja ya Kibondo ilileta seti ya makochi kutoka Dar es Salaam, makubwa, yenye mbao za kuchongwa na vitambaa vya mahameli, yakaingizwa ndani kabla fremu ya mlango na grili hazijafungwa. Sebule ilipendeza, picha zikasambaa kwa ndugu wote. Baadaye mama wa nyumba akafariki. Mnajua msiba wetu unavyokuwa: sebule inatolewa kila kitu, mikeka inatandikwa, wanawake wanakaa chini ndani, wanaume wako nje chini ya turubai, na watu wanalala hapo hapo hadi matanga yaanuliwe. Makochi yale hayakutoka. Vijana waliyainamisha, wakayasimamisha wima, wakayalaza ubavu, mlango ukakataa. Mwishowe yalisukumwa ukutani na kupandishwa moja juu ya jingine, na mashangazi wa marehemu, wanawake wenye magoti ya uzee, wakajibana kwenye ukanda wa vigae uliobaki katikati, baridi ya Juni ikipanda kutoka sakafuni. Meza ya kioo ilikuwa imeegemezwa kwenye pazia, na kila aliyepita aliishika kwa mkono isimwangukie mtu.

Waliojenga nyumba ile waliijenga kwa upendo mkubwa. Lakini katika mamilioni yote yaliyotumika, hakuna shilingi iliyolipwa kwa mtu wa kuuliza: msiba ukitokea humu, vitu vitatokea wapi? Nyumba ya heshima Buha lazima ipokee msiba, harusi, mahari, wazee wa ukoo na watoto wa dada waliokuja kusoma sekondari. Mlango wa sebule unaoelekea barazani unapaswa kuwa wa mabawa mawili, upana wa mita moja na nusu walau. Makochi yatengenezwe kwa vipande vinavyofunguka kwa bolti chache. Iwepo stoo, hata ndogo, ya mikeka, magodoro ya ziada na viti vya plastiki, karibu na sebule na siyo uani nyuma ya banda la kuku. Choo cha wageni kiwe na njia ya kufikiwa kutoka barazani, ili mzee asikatize vyumba vya kulala vya watu usiku. Baraza yenyewe iwe pana, yenye taa na benchi la kujengea. Mambo haya yote huamuliwa kwenye karatasi, wakati ukuta bado ni mstari wa penseli. Ukuta ukishasimama, kila moja linageuka nyundo, vumbi na gharama mara tatu.

Chumbani nako kuna jambo linalonisumbua kila ninapoingia nyumba mpya. Kitanda ni sita kwa sita, ubao wa kichwani umevikwa ngozi na vifungo, dari ni ya jipsamu yenye ngazi tatu na taa za rangi zilizofichwa pembeni, na hakuna mahali pa kuning'iniza chandarua. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa wetu wa Kigoma ukiwa juu ya mikoa yote: takribani mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Halafu tunamaliza chumba cha mamilioni ambamo chandarua kinafungwa kwa msumari uliopigwa kwenye bodi ya jipsamu, wiki ya pili msumari unang'oka na kipande cha dari. Mimi siku hizi siidhinishi mchoro wa chumba usio na chandarua ndani yake. Kwenye kenchi, kabla dari haijafungwa, tunaweka ubao mahsusi wa kubeba fremu ya mbao ya mraba juu ya kitanda, chandarua kinashuka pande nne na mchana kinakusanywa kwa mikanda kwenye pembe za fremu. Kikishonwa vizuri kinakuwa pambo kuu la chumba. Madirishani wavu uwe kwenye fremu inayofunguka ili uoshwe, maana wavu uliopigiliwa hushika vumbi la kiangazi hadi hewa isipite.

Jikoni mnajua wenyewe. Jiko la ndani lina makabati ya emdiefu yanayong'aa, sinki mbili na tundu la oveni, na chakula kinapikwa nje kwa mafiga. Sioni ubaya wowote, maana ugali wa watu arobaini haupikwi kwenye jiko la gesi la sahani nne. Ninalosema ni kwamba jiko la nje ndilo lipewe fedha: paa zuri, bomba la moshi, kaunta ya zege yenye urefu wa kumfaa mama anayesimama, sehemu kavu ya kuni, maji ya bomba, mwanga wa kutosha. Wapishi wa nyumba zenu ni mama zenu na wake zenu, na wengi niliokutana nao wanakohoa.

Hali ya hewa sitaieleza kwa urefu. Tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai ni baridi, na kuanzia hapo hadi mvua za Oktoba au Novemba vumbi jekundu linaingia hata kwenye droo zilizofungwa. Nyumba iliyochorwa kwa joto la Dar es Salaam, ya vigae vyeupe vinavyoteleza na makochi meupe, huku inakuwa adhabu kwa anayeifanyia usafi. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta hadi ikang'aa, na mafundi wachache wazee bado wanaijua kazi hiyo. Nimeirudisha kwenye baraza na korido za wateja wangu, na hakuna aliyejuta.

Sasa nije kwenye mbao, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndiko roho yangu iliko. Misitu ya miombo inayozunguka wilaya zetu ina mninga, mti ambao mafundi wa Afrika Mashariki wanauweka katika daraja la juu kabisa. Ukiupasua unatoa utomvu mwekundu kama damu. Ukiupiga randa unatoa kahawia ya dhahabu yenye mishipa ya zambarau, na hakuna kigae wala mahameli ya kushindana nayo. Sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka sawasawa hauchezi: hauvimbi sana wakati wa mvua wala kusinyaa sana wakati wa kiangazi. Lakini mnaununua mbichi. Ubao unapasuliwa mwezi huu, unafanywa mlango mwezi ujao, na masika yakiisha mlango umejipinda, kitasa hakilengi tundu lake, na mnasema fundi wa Kasulu hajui kazi. Fundi alipewa ubao wenye maji na siku za kuhesabu.

Ubao unakaushwa hivi. Unapangwa kivulini, mbali na ardhi, juu ya magogo yaliyosawazishwa. Kati ya kila safu na safu vinawekwa vijiti vya unene mmoja, vikifuatana wima kutoka chini hadi juu ili ubao usipinde mgongo. Ncha za mbao zinapakwa rangi yoyote iliyobaki, kwa sababu maji hukimbilia kutokea nchani na huko ndiko ubao unakopasuka. Juu yanawekwa mawe mazito. Kisha mnasubiri: kwa kawaida ya seremala, inchi moja ya unene ni karibu mwaka mzima. Hii ndiyo sababu kubwa ya kumwita mbunifu kabla ya msingi. Nyumba ya kiwango chenu huchukua miaka miwili au mitatu kukamilika. Mbao za milango, vitanda na makabati zikinunuliwa siku ya kuchimba msingi, zitakuwa zimekauka siku ya kupaka rangi, na hazijaongeza gharama yoyote zaidi ya banda la kuzihifadhia. Zinunuliwe kwa njia halali, zenye alama ya nyundo na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa sababu mninga hukua taratibu sana na tukiendelea kuununua wa wizi, watoto wetu watausoma tu vitabuni. Na mafundi wavae barakoa, vumbi lake linabana kifua.

Wengine mtaniambia kwamba vitu vya nje vina hadhi zaidi. Naomba mtazame jirani. Huko Rwanda, wilayani Kirehe, ng'ambo kidogo tu ya Rusumo, wanawake wa ushirika wa Kakira wanatengeneza imigongo, mbao zenye michoro ya pembe na mistari iliyoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe na jivu, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Sanaa hiyo ilikaribia kupotea baada ya mauaji ya mwaka 1994. Leo inapamba kuta za hoteli na nyumba za heshima Kigali. Huko huko Rwanda, hospitali ya Butaro ilipofunguliwa mwaka 2011 kuta zake zilikuwa za mawe ya volkano ambayo wakulima walikuwa wakiyatoa mashambani kama kero. Waashi wa kijijini waliyachonga na kuyapanga bila saruji kuonekana katikati, na ujuzi walioupata ukawapa kazi nyingine zenye malipo mazuri zaidi. Hapa kwetu nako kazi ipo. Kampuni ya WomenCraft, yenye makao Ngara, imefanya kazi kwa miaka mingi na wanawake wasusi wa mpakani, na kupitia MADE51, mpango wa UNHCR, iliwahusisha pia wakimbizi wa Kirundi waliokuwa Mtendeli. Vikapu na mapambo yao ya nyumbani huuzwa nchi za mbali kwa bei ya heshima. Kikapu kilichosukwa Kakonko kinaning'inia sebuleni kwa mtu wa Ulaya, na sebule ya Kibondo, mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, ina maua ya plastiki. Hilo linaniumiza.

Linaniumiza zaidi nikikumbuka historia yetu. Enzi za ukoloni Kigoma ilifanywa chimbuko la vibarua. Babu zetu walisafirishwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na nguvu zao zikajenga utajiri wa huko. Leo seremala bora anayehitimu VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi hapa anapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa sababu huku kazi anayopewa ni madawati na majeneza. Akifika Dar anatengeneza kitanda, ninyi mnakinunua Keko, mnalipa lori kukirudisha Kasulu. Nauli ya lori na faida ya watu wawili wa kati ingemsaidia seremala huyo kubaki hapa Kasulu na randa yake ya umeme.

Najua mnavyonijibu, kwa sababu mmenijibu hivyo ana kwa ana. Mafundi wa huku wanakula advansi na kupotea. Wanaanza kazi kwako, wanakwenda kuanza nyingine kwa mtu mwingine. Ni kweli, yapo, na mimi nimeumizwa nayo pia. Lakini tazameni namna wanavyolipwa. Mnampa fundi fedha ya vifaa na ya ufundi kwa mkupuo mmoja, bila mchoro, bila tarehe, bila karatasi yoyote, na mkiwa Dar mnamfuatilia kwa simu. Ndugu yenu mliyemwachia usimamizi hajui tofauti ya ubao mkavu na mbichi, naye ana familia na shida zake, kwa hiyo kila mfuko wa saruji una cha juu chake. Simlaumu ndugu huyo. Mmempa kazi ya kitaalamu bila malipo, naye amejilipa mwenyewe kwa njia iliyopo.

Na hapa nizungumze wazi kuhusu fedha ya mbunifu, jambo ambalo sisi wenye kazi hii tunaliogopa. Wengi wetu hatuombi malipo ya kubuni kwa sababu tunajua mtakataa. Tunasema kubuni ni bure, kisha tunaongeza kwenye bei ya pazia, ya kochi, ya taa. Duka nalo linatupa kamisheni. Tabia hii ni ya zamani sana duniani: Elsie de Wolfe, mwanamke wa New York aliyepewa kazi ya kupamba jengo la klabu ya Colony Club mwaka 1905 na ambaye wengi humtaja kama mwanzilishi wa taaluma hii, alitajirika zaidi kwa kamisheni ya vitu alivyomnunulia tajiri Henry Clay Frick. Kwa Frick labda ilifaa. Kwenu haifai, kwa sababu mbunifu anayekula kwenye manunuzi ana kila sababu ya kuwanunulia vingi na vya ghali, na hana sababu hata moja ya kuwaambia kwamba kabati la zamani la mama likipigwa msasa na vanishi litapendeza kuliko jipya.

Mimi nimeamua kufanya kazi hivi, na nimepoteza wateja kwa uamuzi huu, lakini waliobaki wananiletea ndugu zao. Nalipwa ada ya kubuni iliyokubaliwa mwanzoni: nakuja kwenye kiwanja, nakaa na familia, nauliza nani analala wapi na nani anatarajiwa kuja, nachora kila chumba na kila kabati kwa vipimo, naandika orodha ya vifaa. Ada hiyo inalipwa hata mteja akiamua kujenga na mtu mwingine. Michoro ni yake. Vifaa analipa mwenyewe moja kwa moja dukani na risiti ya EFD inatoka kwa jina lake. Duka likinipunguzia bei, punguzo ni la mteja. Nikisimamia ujenzi nalipwa kwa mwezi, na mafundi wanalipwa kwa hatua iliyokaguliwa: mlango uliofungwa na kufunguka vizuri, ndipo fedha ya mlango. Fundi akijua fedha yake ipo na ina tarehe, hapotei. Nimefanya kazi na maseremala wale wale kwa muda mrefu na kwa mpango huu hawajanikimbia.

Biashara ya namna hii haiwezi kusimama kwa mteja mmoja mmoja anayelazimishwa kuelewa. Inahitaji mazoea ya mji mzima. Pale Kasulu, wenye nyumba kumi tu wakikubali kulipia kubuni na kununua mbao mapema, mtu atapata ujasiri wa kukopa na kujenga tanuri la kukaushia mbao, na kila seremala wa wilaya atafaidika nalo. Vikundi vya vijana na wanawake vinavyopata mikopo ya ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri vitakuwa na sababu ya kuomba fedha ya mashine za useremala na ushonaji mapazia, badala ya wote kuishia kwenye bodaboda na mama lishe. Binti aliyesoma usanifu wa ndani Chuo Kikuu Ardhi hataogopa kurudi Kibondo akidhani atakufa njaa.

Kwa hiyo, kiangazi hiki, kabla hamjamwita fundi wa msingi, pelekeni ramani kwa mbunifu wa ndani. Iwe ni mimi au mwingine, sina wivu, kazi ni nyingi. Mwulizeni kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ambayo husajili pia wabunifu wa ndani. Mwombeni awapeleke kwenye nyumba aliyoimaliza miaka kadhaa iliyopita, ya mwezi jana haitawaambia kitu, na mkifika fungueni milango yote, vuteni droo, tazameni pembe za dari, mwulizeni mama mwenye nyumba anapikia wapi. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Tengeni ada ya kubuni kwenye bajeti kama mnavyotenga nondo na bati. Nunueni mbao za mninga zenye kibali siku mnayochimba msingi, na jengeni banda la kuzikausha kabla ya kujenga stoo ya saruji. Na ndugu mnayemwachia usimamizi, mlipeni mshahara unaojulikana.

Wenu katika kazi,
Mbunifu wa nyumba kwa ndani,
Kasulu